Konteri mpya ukutani: tupunguze fakitire, tusipunguze maisha



Katika kambi na kartye nyingi za wachimba madini wa Katanga, jambo moja limebadilika ndani ya nyumba zetu, nalo linagusa afya kuliko watu wanavyofikiri. Zamani mfanyakazi wa mine alipewa nyumba, maji na umeme pamoja na kazi. Taa iliwaka mchana na usiku, resho ilikaa moto tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyeuliza bei, maana kampani ndiyo iliyobeba mzigo. Siku hizi nyumba nyingi zimekuwa mali ya wenyewe. Umeme unauzwa kwa kila lupango na mwuzaji wake, na mahali pengi konteri ya kulipia mbele imefungwa ukutani. Franga zikiisha, giza linaingia.

Tukumbuke umeme huu ulitoka wapi. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930. Koni ikafuata mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, katika miaka ile ile ya 1950. Vituo hivyo vyote vilijengwa kwa ajili ya mine na viwanda vya kuyeyushia shaba. Nyumba za wafanyakazi zilikunywa mabaki tu. Katika miaka ya 1970 vikaingia mikononi mwa SNEL, kampani ya taifa, na sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungua mlango kwa wauzaji wengine. Kwa hiyo tusishangae kwamba familia nyingi hazijui kuhesabu umeme. Kwa miaka mingi hakuna aliyewafundisha, kwa kuwa hakuna aliyewauzia.

Maoni yetu ni haya: kila nyumba ina haki ya kupunguza fakitire, na njia za kupunguza zipo. Lakini iko akiba nyingine inayolipwa kwa uhai wa watoto. Ni lazima mtu ajue kutenganisha hizi mbili.

SIKU KONTERI INAPOBADILIKA

Siku wafundi wanapokuja kuondoa konteri ya zamani, mtu mzima wa nyumba awepo. Asiachiwe mtoto kazi hiyo. Andika katika daftari namba ya konteri ya zamani na hesabu yake ya mwisho, namba ya konteri mpya na hesabu yake ya kwanza, pamoja na tarehe. Weka fakitire ya mwisho na risiti zote mahali pakavu. Kesho mtu akikuletea deni la mwezi ambao haukutumia umeme wake, daftari hilo ndilo shahidi wako.

Kisha uliza maswali bila haya. Kilowati-saa moja ni bei gani? Kuna kodi gani juu yake? Je, ninaponunua umeme, sehemu ya franga zangu inakatwa kulipa deni la zamani, na kama ni hivyo, deni hilo ni kiasi gani na litaisha lini? Nikiona waya imeanguka njiani usiku, nimwite nani? Mwuzaji anayetaka franga zako mbele, na majibu akupe mbele.

NI NINI INAKULA UMEME?

Watu wengi wanagombana nyumbani juu ya radio na taa. Baba anarudi toka posti ya usiku, anakuta radio inaimba, anakasirika. Tupige hesabu kidogo, kama vile tunavyohesabu tani za madini.

Radio ndogo ya wati 10, ikiimba saa 8 kila siku, inakula kilowati-saa 2 na nusu hivi kwa mwezi mzima. Ampule ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, inakula kilowati-saa 9 kwa mwezi. Ampule mpya ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa, nayo haifiki hata kilowati-saa 1 na nusu. Sasa tazama resho ya wati 1500: ikiwaka saa 3 kwa siku inakula kilowati-saa 135 kwa mwezi! Resho moja inashinda radio hamsini. Mashini ya kuchemsha maji ya kuoga na pasi ni ndugu zake. Frigo ya zamani yenye mlango usiofunga vizuri nayo inakula usiku na mchana bila kupumzika.

Kanuni ni rahisi: kitu kinachotoa joto ndicho kinachokula. Basi pale ndipo tuanzie. Maharagi yalale ndani ya maji tangu jana, yataiva upesi. Sufuria ifunikwe na kifuniko chake, na chini yake iwe pana sawa na resho. Maji ya bukari yapimwe, yasichemshwe nusu sufuria ya kumwaga. Nguo zipigwe pasi zote siku moja kwa juma, kuliko shati moja kila asubuhi. Maji ya kuoga yaachwe juani katika ndoo yenye kifuniko. Jua la Katanga halina konteri. Wala mtu asimlaumu mtoto anayesoma usiku chini ya ampule ya LED. Kumzimia taa mtoto wa shule ni kuokoa senti na kupoteza elimu.

Tunashauri bwana na bibi wasome konteri pamoja, kila Jumapili asubuhi, na kuandika hesabu. Mara nyingi bwana ndiye anayeshika franga na bibi ndiye anayeshika resho, na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Daftari moja linamaliza ugomvi huo. Baada ya majuma manne nyumba itajua umeme wake unakwenda wapi, na mwezi unaofuata franga zitatengwa siku ya mshahara, kabla ya mambo mengine kuzila.

MBABULA NDANI YA CHUMBA: GAZI TUNAYOIJUA

Hapa tunafika mahali pa hatari. Umeme ukipanda bei, watu wanarudia makala. Kupika nje kwa mbabula si kosa. Mama zetu wamefanya hivyo siku zote. Lakini miezi ya Juni na Julai baridi inakuja, konteri imeisha, na familia inachukua mbabula yenye makala mekundu, inaiingiza katika chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha. Wanasema: "Moshi umekwisha, sasa ni makala safi tu."

Wandugu wa mine, ninyi mnajua neno hili kuliko watu wengine wote. Baada ya kupiga baruti chini ya ardhi, je, mnaingia mara moja mahali pa kazi? Hapana. Mnangoja hewa mpya ipite, mnangoja mkubwa wa kazi apime na kutoa ruhusa. Kwa nini? Kwa sababu baruti inaacha gazi ya sumu, monoksidi ya kaboni, inayoandikwa CO. Macho hayaioni na pua haiisikii. Basi makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gazi ile ile. Mtu anayekataa kuingia katika sumu hiyo kazini, mbele ya wakubwa wake, anawezaje kuilaza karibu na watoto wake wadogo?

CO inaingia kwa pumzi na kushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya hewa safi mara 200 na zaidi. Damu haibebi tena hewa inayotakiwa na moyo na ubongo. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Aliyelala hasikii hata hayo. Usingizi wake unakuwa mzito, na asubuhi haamki. Mtoto mchanga na mama mwenye mimba ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Ukikuta watu katika hali hiyo, usikae kuuliza maswali. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje kwenye hewa safi, toa mbabula, kisha wapeleke upesi lopitali hata kama wanasema wamepona. Mwambie munganga kwamba mbabula ilikuwa ndani, maana asipojua anaweza kufikiri ni malaria. Na watu wasiseme ni uchawi wa jirani. Mchawi ni makala na mlango uliofungwa.

Basi sheria ya nyumba iwe hii: mbabula ipikie nje au chini ya paa lisilo na kuta. Wakati wa baridi, pasha mawe au chupa ya maji moto, ifunge katika kitambaa, iweke miguuni. Ongeza blanketi. Blanketi moja linadumu miaka, na halijaua mtu.

WAYA YA WIZI NA FIZIBO YA UONGO

Akiba nyingine mbaya ni waya inayorushwa usiku toka kwenye nguzo, au kupitishwa nyuma ya konteri ili isihesabu. Tuache kwanza neno la wizi, ingawa ni wizi. Tuseme juu ya usalama tu. Waya hiyo mara nyingi haina ngozi nzuri, imefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, inapita juu ya bati na katika matope. Mvua za Novemba zikianza, lupango nzima inakuwa na umeme chini ya miguu. Umeme wa volti 220 haumtambui aliyeiba na asiyeiba. Unampata mama anayeanika nguo juu ya kamba ya chuma, unampata mtoto wa jirani anayefuata mpira.

Kuna na fizibo. Fizibo ikikatika, watu wanaweka waya nene, au msumari, wakisema wameponya ugonjwa. Fizibo ya ampere 10 inabeba wati 2200 hivi. Ukiwasha resho ya wati 1500 na pasi ya wati 1000 pamoja, umepita kiasi, na fizibo inakatika ili kukuonya. Ukiweka msumari, onyo limekufa. Sasa kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta, halafu paa. Dawa yake haigharimu kitu: tumia kimoja, kisha kingine.

Na umeme ukikatika kwa ghafula wakati wa kupika, zima resho na pasi kabla ya kutoka nyumbani. Moto mwingi wa nyumba unaanza hivi: umeme umekatika, mama amekwenda sokoni, umeme umerudi, na sufuria, au nguo iliyo karibu, haina mtu wa kuiangalia.

WAUZAJI NA KAMPANI NAO WANA KAZI

Wako wanaosema: "Zamani kampani ililipa. Kwa nini leo tuhesabu sisi?" Hilo ni swali la haki, na lina mahali pake: wajumbe wa sendika walipeleke mezani wakati wa kuzungumza mishahara, na daftari la nyumba liwe mkononi mwao kama ushahidi wa gharama. Lakini konteri haingoji mkutano uishe. Wakati wajumbe wanasema, sisi tupike kwa akili.

Tena si haki kuitwika familia mzigo wote. Mwuzaji anayefunga konteri mpya juu ya waya zilizooza amefanya nusu ya kazi. Nyumba nyingi za kambi ni za zamani sana, na waya zao pia. Kabla ya konteri kuwashwa, fundi angepasa kukagua nyumba na kumwambia mwenyewe hatari iko wapi. Fakitire ya kukisia, isiyosoma konteri, ingepasa kuachwa kabisa, maana inamwadhibu mwenye kuchunga umeme na kumsaidia mwenye kuumwaga. Na kampani zetu za mine, ambazo zinafundisha usalama kila siku kabla ya kushuka chini, zingeweza kutoa saa moja kwa mwezi kuwafundisha akina mama katika sosio: kusoma konteri, kutambua waya mbaya, kumsaidia mtu aliyepigwa na umeme. Mfanyakazi aliyelala vizuri, ambaye watoto wake ni wazima, hufanya kazi bila ajali.

Ndugu wasomaji, jioni hii fanyeni mambo matatu. Someni konteri na kuandika hesabu yake. Tazameni fizibo kama ni ya kweli. Na mbabula, kabla ya kulala, itoeni nje na kuifunika vizuri. Franga zilizokwisha zitarudi mwisho wa mwezi. Mtu aliyekwenda na gazi ya makala harudi.