Hesabu Kwanza: Gari Lisilofika Vitani na Bakuli la Maskini

Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anatoa mifano miwili mifupi inayofuatana. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara: asipoketi kwanza kupiga hesabu ya gharama, atakwamia kwenye msingi na kuwa kichekesho cha watu. Wa pili ni wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayetaka kumkabili mwenye elfu ishirini: naye hana budi kuketi kwanza na kufanya shauri. Mfano wa mnara tunaupenda, hasa wakati wa harambee za ujenzi wa kanisa. Wa mfalme huwa tunaupita haraka, kana kwamba mambo ya vita na silaha ni ya wakubwa peke yao. Juma hili tumeona vema tuukalie huo wa pili, na tuupime kwa mfano ulio hai: jinsi taifa la Uingereza lilivyojaribu kulifanya jeshi lake la nchi kavu liwe la kisasa, katika magari yake ya deraya, mizinga yake na silaha zake za kulinda anga.

Mtatuuliza: mapadre wana nini na magari ya vita ya Waingereza? Wanayo ya kusema, kwa sababu gharama yake imeletwa hadi mlangoni petu, na tutaonyesha ilivyofika. Tena tuseme mapema tunachokishikilia, asije mtu akasema tumezungukazunguka. Twasema hivi: serikali iliyopoteza miaka na mabilioni kwa magari yasiyofika vitani haina haki ya kumgeukia maskini na kumwambia kwamba usalama sasa unadai bakuli lake.

Hatusemi kwamba kila silaha ni dhambi. La hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba wenye mamlaka wana haki, na zaidi ya haki wana wajibu, wa kuwalinda raia waliokabidhiwa kwao. Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zake zote, hakuna mtu mwaminifu awezaye kuwaambia watu wa Ulaya kwamba hofu yao ni ndoto. Tena ni kweli kwamba silaha za Uingereza zilikuwa zimechakaa. Magari ya Warrior yanayobeba askari wa miguu yalianza kazi katika miaka ya 1980. Mizinga ya AS90 ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makombora ya Rapier ya kutungulia ndege yalikuwapo tangu miaka ya 1970, na yalitumika katika vita vya Falklands mwaka 1982. Anayemtuma kijana wa mtu vitani na chombo kikuukuu hamtendei haki. Kulifanya jeshi liwe la kisasa, kwa hiyo, si kosa.

Tena tuwe waungwana, tukiri kwamba si kila kazi yao iliharibika. Mfumo wa Sky Sabre uliochukua nafasi ya Rapier uliingia kazini, ukiwa na makombora yafikayo mbali zaidi, na mwaka 2022 ulipelekwa Poland kusaidia kulinda anga ya nchi hiyo. Basi inawezekana kufanya vizuri. Na kwa kuwa inawezekana, pale palipofanywa vibaya pana wa kuulizwa.

Tutazame palipofanywa vibaya. Mwaka 2014 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitia saini mkataba na kampuni ya General Dynamics wa kutengeneza magari 589 ya deraya ya jamii ya Ajax, ya kufanyia upelelezi na kazi nyingine za mstari wa mbele. Bei ya mkataba huo ikaja kufikia takriban pauni bilioni 5.5. Magari yalitarajiwa kuanza kazi mwaka 2017. Mwaka huo ukapita. Ikawekwa tarehe nyingine, nayo ikapita. Hadi Desemba 2021, kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko huko Uingereza, kampuni ilikuwa imekwisha kulipwa pauni bilioni 3.2, na magari yaliyokabidhiwa yalikuwa 26. Rudieni kuisoma hesabu hiyo. Zaidi ya nusu ya fedha imetoka, na katika kila magari ishirini halijafika hata moja. Nayo hayo machache yaliyofika hayakuwa tayari kwa vita.

Lakini fedha si jambo zito kuliko yote hapa. Lililo zito zaidi ni masikio ya askari. Magari hayo yalipojaribiwa yalitoa kelele kali na mtetemo, kiasi cha kuwaumiza waliokaa ndani. Askari zaidi ya 300 walitakiwa wapimwe masikio. Majaribio yakasimamishwa, yakaanza tena, yakasimamishwa tena. Ripoti ya usalama na afya iliyotolewa Desemba 2021 ilieleza kwamba maonyo yalikuwapo mapema, na kwamba ndani ya jeshi palikuwa na mazoea ya kudhani kuwa askari ni wa kuvumilia tu. Hapo, wapendwa, ndipo dhambi ilipojificha. Mtu mdogo anasema, "Chombo hiki kinaniumiza," na mkubwa anajibu moyoni, "Ndiyo kazi uliyoichagua." Kijana aliyekula kiapo cha kuilinda nchi akajeruhiwa na gari alilonunuliwa na nchi hiyo hiyo, kabla hajamwona adui hata mmoja.

Wala hayo hayakuishia mwaka 2021. Mwanzoni mwa Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba Ajax hatimaye imefikia hatua ya kwanza ya kuwa tayari kwa kazi. Kabla mwezi haujaisha, askari wapatao 30 waliugua wakiwa mazoezini, kwa dalili zilizohusishwa na kelele na mtetemo, na matumizi ya magari hayo yakasimamishwa. Mnara uliozinduliwa kabla haujapimwa ndio huo.

Upande wa Warrior hadithi ni fupi na chungu. Mwaka 2011 ulitiwa saini mkataba wa kuyaboresha magari hayo na kuyapa bunduki kubwa mpya. Miaka kumi baadaye, Machi 2021, mpango mzima ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimekwisha kutumika, na hakuna kikosi hata kimoja kilichopewa Warrior mpya. Na mwaka 2023, Uingereza ilipoipa Ukraine mizinga ya AS90 ipatayo 30, yake yenyewe ikapunguka, hata ikalazimika kununua mizinga 14 ya Archer kutoka Sweden ili kuziba pengo. Kumpa jirani anayeshambuliwa lilikuwa tendo la heshima. Lakini ghala lililotikisika kwa kutoa mizinga 30 linatufundisha nini juu ya watunzaji wake?

Sasa tuje kwenye bakuli. Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba asilimia 0.7 ya pato la taifa itengwe kila mwaka kwa ajili ya misaada kwa nchi maskini. Novemba 2020, ndani ya juma moja hivi, yalitangazwa mambo mawili: jeshi litaongezewa pauni bilioni 16.5 katika miaka minne, na misaada itashushwa kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5. Sababu iliyotolewa ilikuwa hali ngumu ya uchumi wakati wa UVIKO. Kisha Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza waziwazi, bila kuzunguka, kwamba matumizi ya ulinzi yatapandishwa hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na kwamba fedha hizo zitapatikana kwa kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, alijiuzulu kwa sababu hiyo.

Hatudai kwamba pauni iliyopotea kwenye Ajax ndiyo hiyo hiyo iliyotolewa katika kibweta cha chanjo. Hesabu za serikali haziendi hivyo. Tunalosema ni kwamba kiti ni kimoja na mwenye kukikalia ni mmoja. Aliyeshindwa kuwadai wenye mikataba, amejua kumdai asiye na wakili. Mnakumbuka nabii Nathani alivyomsimulia mfalme Daudi juu ya tajiri mwenye makundi ya kondoo, ambaye alipopata mgeni alikwenda kumchukua kondoo mmoja wa maskini. Tajiri yule hakukosea kumkaribisha mgeni. Alikosea mahali alipokwenda kutafuta kitoweo.

Tunazijua hoja za upande wa pili, na tuzijibu.

Wa kwanza atasema: msaada ni sadaka, na mtoaji ana hiari ya kuacha. Tunajibu: ahadi iliyotungiwa sheria si sadaka ya kutupwa barabarani. Na Kanisa, tangu Mababa wake wa kale kama Mtakatifu Ambrosi, limefundisha kwamba anachopewa maskini kutoka katika ziada ya tajiri ni haki yake inayorudishwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulionya mwaka 1965 kwamba mashindano ya silaha huwaumiza maskini kupita kiasi. Miaka miwili baadaye Papa Paulo VI akaomba sehemu ya fedha za silaha iwekwe katika mfuko wa dunia wa kuwasaidia wanaoteseka. Leo mto unatiririshwa upande wa juu: kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwenye mzinga.

Wa pili atasema: misaada yenyewe huliwa na wajanja. Ni kweli, huliwa. Lakini hebu tupime kwa mizani moja. Fedha ya msaada ikipotea, husemwa, "Ipunguzwe." Fedha ya magari ya vita ikipotea, husemwa, "Iongezwe." Kwa nini upotevu wa aina moja uwe sababu ya kunyima, na wa aina nyingine uwe sababu ya kujaza? Anayeweza kulijibu swali hili bila kuona haya, atujibu.

Wa tatu atasema: adui yuko karibu, hakuna muda wa hesabu. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nasi tunaigeuza. Kama adui yuko karibu, gari linalomuumiza dereva wake ni zawadi kwa adui. Hatari inapokuwa kubwa, hesabu huzidi kuwa ya lazima. Bwana wetu hakusema kwamba mfalme aketi kupiga hesabu wakati wa amani. Alimketisha wakati yule mwenye elfu ishirini alikuwa njiani.

Lakini, wapendwa, tusimalize kwa kunyoosha kidole kuelekea London peke yake. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliidhinisha tuuziwe rada na kampuni yake ya BAE Systems, kwa takriban pauni milioni 28. Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada huko, alipinga kwa nguvu. Wengi walisema ni ghali mno na haikulingana na mahitaji ya nchi yetu. Tukanunua. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu katika biashara ile, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo watu waliziita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Fikirini: watoto wetu walisubiri zaidi ya miaka kumi kuletewa madawati kwa njia ya mahakama ya Waingereza, wakati sisi wenyewe tulikuwa na Bunge, magazeti na midomo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuwakumbuke katika sala askari wote wanaotumwa na vyombo wasivyovichagua, wa kwao na wa kwetu, hasa waliorudi na majeraha ambayo wakubwa hawakutaka kuyasikia. Pili, tuache kuliona bakuli la jirani kuwa ghala letu. Aliyetegemea mkono wa mwingine kwa dawa za watoto wake amemwachia mwingine mamlaka juu ya uhai wao, na Februari 2025 ilituonyesha jinsi mkono huo unavyoweza kuvutwa kwa tangazo la siku moja. Bajeti yetu wenyewe iibebe zahanati kwanza. Tatu, tudai hesabu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka. Vyama vya kitume na jumuiya ndogondogo visione aibu kuisoma na kumuuliza mbunge. Na asiyeonyesha mapato na matumizi ya parokia yake, akiwemo paroko, asithubutu kuwahubiria Waingereza. Hilo tunajiambia sisi wenyewe kwanza.

Mfalme aliketi akahesabu, nasi tuketi. Usalama ambao umemwacha askari haoni tofauti kati ya gari lake na adui yake, na umemwacha mtoto mgonjwa bila dawa, haujamlinda mtu yeyote.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!