Kemshafti Kubwa Si Dawa ya Kila Injini

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Zamu za usiku zimenibana, na nesi akitoka zamu ya usiku anachokitafuta ni kitanda tu. Leo niko mapumzikoni, huku Milwaukee theluji imejaa, pikipiki imefunikwa turubai, basi acha niseme lililo moyoni.

Wiki iliyopita mdogo wangu, yule fundi wa Morogoro, aliniandikia: "Kaka, kemshafti gani ni bora kuliko zote? Nitumie moja kama uliyoweka kwenye lile dude lako." Nimeona nimjibu hapa hapa, maana jibu linawahusu wengi, na pia kuna mtu wa kuombwa radhi. Nitafika huko.

Kwanza kwa wasio mafundi. Kemshafti ni chuma chenye nundu kinachozunguka ndani ya injini. Nundu ikipita inasukuma valvu ifunguke. Ya kuingiza inaleta hewa na petroli, ya kutoa inaondoa moshi. Kemshafti inazunguka nusu ya kasi ya krankshafti. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, iinuke kiasi gani na ifungwe lini. Wenzangu wa wodini mtanielewa haraka: moyo nao una valvu, na zikifunguka au kufungwa wakati usio wake, mgonjwa anaishiwa pumzi hata kama misuli ni mizima.

Dude langu ni Harley-Davidson Road King ya mwaka 2009, nililonunua mkononi kwa mtu. Hapa ndiyo nyumbani kwa hiyo kampuni, ilianza mji huu huu mwaka 1903. Injini yake ni Twin Cam, ina kemshafti mbili. (Hizi mpya za Milwaukee-Eight, zilizoanza na modeli za 2017, zina moja tu na valvu nane.) Ilitoka kiwandani na sisi 1584. Fundi akaichonga silinda ikafika 1690, tukabadilisha ekzosi na chujio la hewa. Ikabaki kemshafti.

Hapo ndipo nilipokosea. Jamaa ninaoendesha nao kila mmoja alisema, "Weka kubwa bwana, ile ya kuinua valvu sana." Mimi nikaingia mkenge. Nilitaka ile sauti ya kudundadunda ikiwa imesimama, na nilitaka namba kubwa ya kuwatajia watu. Nikanunua iliyokuwa kubwa kuliko zote fundi alizokuwa nazo.

Matokeo? Sauti tamu kweli kweli. Lakini nikiwa na mke wangu nyuma, taa zikiruhusu, pikipiki inaburuta miguu kama punda aliyegoma. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika haina kitu. Ikipita 4,000 ndipo inaamka, na mimi sifiki huko. Barabara kuu, gia ya sita, mwendo wa kilomita 110 kwa saa, injini hii haifiki hata 3,000. Kwa hiyo nililipia nguvu inayokaa ghorofa nisiyoishi.

Sababu ni hii. Kemshafti kubwa ya mbio inachelewa kufunga valvu ya kuingiza. Pistoni imeshaanza kupanda, valvu bado iko wazi. Injini ikizunguka kasi sana hakuna shida, kwa sababu hewa inaingia kwa mkupuo na inaendelea kujaa. Ikizunguka polepole, sehemu ya ile hewa inarudishwa nje ilikotoka, na kinachobaki kubanwa ni kidogo. Tena kuna kipindi valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja. Kipindi hicho kikirefuka sana, moshi unarudi ndani injini ikiwa taratibu, na ndio unaoleta ile sauti ya kudunda. Kwa maneno mengine, tulichokuwa tunakishangilia ni injini inayopumua vibaya!

Ukitaka kemshafti kama hiyo ifanye kazi, lazima uongeze mbano wa injini, ubadilishe springi za valvu, upime kama valvu haitagonga pistoni, na pengine uchonge na vichwa vya silinda. Injini yangu mbano wake ni zaidi kidogo tu ya 9 kwa 1. Nilimpa mgonjwa wa kilo 50 dozi ya mtu wa kilo 100.

Kwa hiyo mdogo wangu, msimamo wangu ni huu, na anayebisha abishe: hakuna kemshafti bora, kuna inayofaa injini fulani, mzigo fulani na dereva fulani. Kabla hujatoa hela, jibu haya. Chombo kina uzito gani? (Langu ni zaidi ya kilo 350, bila sisi wawili.) Muda mwingi injini inazunguka mara ngapi? Mbano wake ukoje? Springi zilizopo zinaruhusu valvu iinuke kiasi gani? Na nani atakupangia upya mchanganyiko wa petroli na hewa? Ukishajibu, muulize muuzaji valvu ya kuingiza inafungwa lini. Kwa pikipiki nzito ya safari, nachagua inayofunga mapema. Ile namba kubwa ya kwenye karatasi ya mashine ya kupimia nguvu waachie wenyewe.

Na ukifungua kifuniko cha kemshafti, usifunge bila kukagua jirani zake. Twin Cam nyingi za 1999 hadi 2006 zilikuwa na vikaza-mnyororo vya springi vyenye plastiki iliyokuwa ikilika, na vipande vyake vikaingia kwenye oili. Zilizofuata zinatumia presha ya oili. Bearingi za ndani badilisha, tapeti zikague. Kufungua mara mbili ni kulipa mara mbili.

Jambo jingine ni sheria. Huku serikali haichezi na moshi. Mwaka 2016 Harley-Davidson yenyewe ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa ajili ya vifaa vya kubadilisha mpangilio wa injini ilivyokuwa ikiuza. Soma karatasi ya kifaa kabla hujanunua.

Sasa ile radhi. Kemshafti ya kwanza, gasketi, bearingi na ufundi vilinila zaidi ya dola elfu moja. Mwaka huo huo mama aliniomba hela ya bati za nyumba ya Kilosa. Nikamwambia kazini mambo magumu, asubiri. Mambo hayakuwa magumu, mama. Hela niliiweka kwenye sauti ya kuringia mbele ya watu ambao sasa hata hatusalimiani. Mvua ile ilikunyeshea ndani, na mimi nilijua. Bati zilikuja mwaka uliofuata, lakini ukweli sikuwahi kukuambia mpaka leo. Naomba unisamehe. Atakayemsomea haya namwomba asiruke mstari.

Baadaye nilitoa ile kemshafti nikaiuza kwa hasara, nikaweka ndogo ambayo haikuhitaji hata kubadilisha springi. Namba kwenye karatasi imepungua. Lakini nikitoka zamu saa moja asubuhi, nikipita kando ya Ziwa Michigan, nikigusa mafuta kidogo tu inavuta kwa adabu. Nimetosheka.

Mdogo wangu, bodaboda unazotengeneza zinabeba abiria wawili na gunia la mahindi kupanda kilima. Zinahitaji nguvu ya chini na injini itakayowaka kesho, maana mwenye nayo ana marejesho. Ya mbio sikutumii. Nitakutumia kipimo cha mbano na seti ya geji za kupimia nafasi za valvu, kwa hela ambayo nimeshahakikisha mama haihitaji.

Wengine mnaonaje? Andikeni hapo chini, hata wa kunishambulia karibuni.

Wasalaam, tuko pamoja.