Mpiga Besi Hana Jina: Uhakiki wa Nyimbo Usio na Masikio

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua mtu yeyote anayejiita mpenzi wa muziki wa dansi, muulize nani aliimba katika Mlimani Park Orchestra. Atakutajia Muhidin Gurumo, atakutajia Hassan Bitchuka, na akiwa na umri kidogo atakuongezea Cosmas Chidumule. Muulize nani alipiga solo. Atakuna kichwa, lakini atafika kwa Michael Enoch au Abel Balthazar. Sasa muulize nani alipiga besi. Kimya. Atacheka, atasema "aah, huyo sasa", kisha atabadilisha mazungumzo.

Jina ni Suleiman Mwanyiro. Zimewahi kupigwa harusi ngapi, zimechezwa rumba ngapi, wamepatana wapenzi wangapi juu ya vidole vya mtu huyo? Na sisi tunaoandika, tunaohakiki, tunaojaza kurasa kuhusu "urithi wa muziki wetu", tumemwandikia aya ngapi?

Ninachodai ni hiki: uhakiki wetu wa nyimbo kwa Kiswahili ni uhakiki wa karatasi. Tunachukua wimbo, tunauvua gitaa, tunauvua ngoma, tunauvua tarumbeta, tunabaki na mashairi yake, halafu tunayafanyia kile tulichofundishwa kidato cha tatu: fani na maudhui. Dhamira kuu, dhamira ndogondogo, tamathali za semi, ujumbe kwa jamii. Mwisho tunatia saini. Wimbo uliokuwa unatikisa kuta za ukumbi umegeuzwa kuwa jibu la mtihani.

Na tunaita hiyo fani! Fani gani isiyojua kwamba gitaa la besi lilinyamaza mapigo mawili kabla ya mwimbaji kuingia, na kwamba ni ule ukimya uliofanya neno lake la kwanza lichome?

Mimi ni mtu wa Kilangala, pwani ya Lindi. Kwetu hakuna asiyejua jambo moja ambalo wahakiki wa mjini hawataki kulijua: ngoma ya mbali huisikia kwanza kwa sauti yake nzito. Usiku, ukiwa njiani kwenda kwenye shughuli kijiji cha pili, huwezi kusikia waimbaji, huwezi kusikia manyanga. Unachosikia ni ile ngoma kubwa peke yake, inakuita. Sababu yake ni ya kifizikia kabisa. Sauti nyembamba humezwa na hewa, na majani, na kuta. Sauti nzito ina wimbi refu, inazunguka nyumba, inapenya mikorosho, inakufikia. Uzi mzito kabisa wa gitaa la kawaida la besi unatikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kabla wimbo haujafika kwenye sikio lako, besi imeshafika kifuani.

Wazee wetu hawakuhitaji kipimo hicho. Bendi ya wafanyakazi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikapita kwenye majina ya JUWATA na OTTU, leo inaitwa Msondo Ngoma. Msondo ni nini? Ni ngoma, ile ndefu ya kusimama. Bendi imebadilisha wenye mali, imebadilisha majina, lakini jina lililowaganda wananchi midomoni ni la ngoma. Sikinde nayo vilevile, ngoma ya Wazaramo. Wananchi waliipa heshima sauti ya chini. Sisi wasomi ndio tulioinyima.

Tazama wenzetu wa muziki wa roki wanavyofanya. Muulize shabiki wa roki kuhusu John Entwistle wa The Who, atakueleza hadi nyuzi alizotumia: zile za Rotosound zilizosokotwa kwa waya wa duara, ambazo yeye mwenyewe alishirikiana na kiwanda kuziboresha mwaka 1966 kwa sababu alitaka besi yake ingurume kama piano. Muulize kuhusu Lemmy wa Motörhead, atakuambia Rickenbacker yake ilipita kwenye amplifaya za Marshall zilizofunguliwa mpaka sauti ikakwaruza, ndiyo maana besi yake ilisikika kama gitaa la ridhimu lenye hasira. Muulize kuhusu Ampeg SVT, atakuambia ilitoka mwaka 1969, ina wati 300, na kabati lake lina spika 8 za inchi 10. Atakuambia pia kwamba kulibeba kabati hilo ni adhabu ya mgongo.

Kuna watakaosema huo ni ushabiki wa vifaa tu, tamaa ya madukani. Ndiyo, upo ushabiki wa namna hiyo, na unachosha. Lakini chini yake kuna heshima. Anayejua nyuzi za mtu amekubali kwamba sauti ya mtu huyo ni uamuzi. Haikudondoka tu kutoka mbinguni. Mtu alichagua kuweka mkono karibu na daraja la gitaa badala ya katikati, alichagua nyuzi kongwe badala ya mpya, alichagua kupunguza kilio na kuongeza uzito. Hizo ni chaguo za kisanaa sawasawa na chaguo la mshairi kati ya vina viwili. Mbona la mshairi tunaliandikia tasnifu?

Sisi wenyewe tumempa dunia mwimbaji wa roki. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na tangu 2019 pana jumba la makumbusho yake pale Shangani. Watalii wanapiga picha mlangoni. Lakini ule wimbo wa Queen ambao hata mtoto asiyejua Kiingereza anautambua kwa sekunde tatu, "Another One Bites the Dust" wa mwaka 1980, uliandikwa na mpiga besi wao, John Deacon, na kinachotambuliwa ndani ya zile sekunde tatu ni besi. Deacon alikuwa msomi wa elektroniki. Aliokota ubao wa saketi kwenye takataka za ujenzi jijini London akautengenezea amplifaya ndogo, na Brian May akaitumia kurekodia magitaa yake kwa miaka. Kisa hicho kimeandikwa, kimehifadhiwa, amplifaya ile ina hadi jina lake. Sasa niambie: mafundi wetu wangapi wa Kariakoo walifufua amplifaya zilizokufa kwa vipuri vya redio, bendi ikapiga usiku huohuo? Visa vyao viko wapi?

Na suala la vyombo kwetu si la madukani hata kidogo. Ni suala la mali na nguvu. Bendi zetu kubwa ziliishi chini ya mashirika: chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana, polisi, jeshi, shirika la maendeleo la jiji. Sababu kubwa ni kwamba vyombo vilikuwa ghali, na mwanamuziki hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Gitaa lilikuwa la shirika. Amplifaya ilikuwa ya shirika. Mpiga besi akigombana na uongozi, alitoka mlangoni na vidole vyake kumi, basi. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini historia ya dansi imejaa kuhamahama: mtu hakuwa anafuata mshahara peke yake, alikuwa anafuata gitaa. Huwezi kuisoma historia hiyo ndani ya mashairi ya wimbo. Imo kwenye daftari la vifaa.

Besi ndiyo iliyoumizwa zaidi na ufukara huo, na hapo napo kuna sayansi. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Ili besi isikike sawa na gitaa la solo inahitaji nguvu ya umeme mara kadhaa. Gitaa la solo linaweza kung'ara kwenye amplifaya ndogo ya kuazima. Besi ikiwekwa kwenye amplifaya ndogo inakohoa, na jenereta ikichoka inakata roho kabisa. Kwa hiyo mpiga besi wetu alijifunza kupiga kwa hesabu: noti chache, zilizokatwa fupi, zilizowekwa mahali ambapo ngoma haipo. Mimi nadai kwamba ule mtindo wa besi za dansi tunaoupenda, wa kusema neno moja kisha kunyamaza kama mzee barazani, haukuzaliwa na kipaji peke yake. Ulizaliwa pia na umeme mdogo. Nani kaliandika hilo?

Msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ile bendi ya Nairobi iliyochomoka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978, na Simba Wanyika yenyewe mizizi yake ni Tanga. Wimbo huu umechambuliwa mara ngapi? Kila mmoja anazungumzia yule anayejitetea, mapenzi, lawama, wivu. Sawa. Lakini sikiliza chini. Ridhimu ya Omar Shabani inatembea pole, haina haraka, na besi ya Malanga haiifuati, inajibizana nayo. Inapanda, inaacha nafasi, inarudi na kauli yake. Ni wimbo wa pili ndani ya wimbo. Mwimbaji anadai hana makosa, na besi inatembea kifua mbele kama mtu asiye na wasiwasi hata chembe. Ukitaka kujua kama msimulizi yule ni mkweli, usiulize maneno yake tu. Iulize besi.

Huo ndio uhakiki ninaoutaka, na ndio hatunao.

Watasema: maneno ndiyo yenye maana, ala ni pambo. Nenda kinyozi yeyote, nenda kibanda chochote cha chipsi, kuanzia Mchinga hadi Mbagala. Utakuta sabufa. Mwenye biashara hana kiti cha tatu cha wateja, lakini sabufa anayo, na ameiweka mahali pa heshima kuliko kalenda. Daladala kioo kimepasuka, sabufa ipo. Vijana wanaoitwa hawana utamaduni wametumia akiba yao kununua sauti ya chini. Wanajua maana yake. Amapiano ilipoingia kutoka Afrika Kusini na ile besi yake inayodunda kama gogo, ilihitaji mkalimani gani? Kama ala ni pambo, basi wananchi wote wamenunua pambo na wahakiki peke yao ndio waliobaki na maana. Mnaamini hivyo kweli?

Tatizo lingine liko mkononi mwetu: simu. Wengi tunaoandika leo tunasikiliza nyimbo kwenye spika ya simu, kitu kidogo kuliko kidole gumba. Spika hiyo haiwezi kuitoa ile noti ya chini kabisa. Inatoa vivuli vyake vya juu, na ubongo wako ndio unaojazia kilichokosekana. Mhakiki anayesikiliza Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande kwenye simu yake ni sawa na mhakiki aliyesoma riwaya yenye kurasa zilizong'olewa, kisha akaandika kwamba riwaya ni nyepesi.

Tusijidanganye kwamba hili ni jambo la ladha tu. Huko Detroit, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown zilizoshika chati miaka ya 1960, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia na nyuzi ambazo hakupenda kuzibadilisha. Jina lake halikuwa kwenye majalada. Ilibidi ifike mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye "What's Going On", ndipo likaandikwa. Alikufa 1983. Wamarekani waliona aibu baadaye, wakaandika vitabu, wakatengeneza filamu. Sisi hata aibu bado hatujaanza kuiona.

Na jina ni pesa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua pia wanaotumbuiza, siyo watunzi peke yao. Lakini utadai vipi haki ya kidole ambacho hakuna aliyekiandika? Wimbo wa Redio Tanzania unapandishwa mtandaoni leo na mtu asiyejulikana, chini yake jina la bendi na mwimbaji. Mpiga besi akiwa hai, anauangalia kwenye simu ya mjukuu wake. Akiwa amefariki, familia haina hata karatasi ya kuonyesha. Kila makala tunayoandika bila jina lake ni msumari mmoja zaidi.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu, na siombi. Kwanza, yeyote anayechapisha uhakiki wa wimbo wa bendi ataje waliopiga, wote, na kama hakuwatafuta asijiite mhakiki. Pili, watangazaji wanaopiga zilipendwa waache kutuhadithia mwimbaji alivaa nini, watuambie nani alikuwa kwenye gitaa zito. Tatu, wapiga besi wazee waliobaki wafuatwe sasa, na maswali ya kazi yao: gitaa lilikuwa la nani, nyuzi mlizipata wapi, mlizichemsha mara ngapi zikarudi kulia, amplifaya ilipoungua mlifanya nini, kwa nini pale ulinyamaza?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mshairi tunamuuliza kwa nini aliandika. Mpiga besi hatujawahi kumuuliza kwa nini alinyamaza.