Kuhama kwa vijana Ukambani si usaliti kwa wazazi

KILA mvua zinapokosa kunyesha Ukambani, mabasi ya barabara kuu ya Mombasa hubeba vijana kutoka Kalamba, Kathonzweni, Mutomo na Ikutha wakienda kutafuta riziki Nairobi na Mombasa. Baadhi huishia katika viwanda vya Athi River, wengine bandarini, nao mabinti kadhaa wamevuka bahari kufanya kazi za nyumbani Saudia.

Wazee hulalamika kwamba vijana hao hawarudi, na kwamba hujiamulia mambo ya ndoa na fedha bila kushauriana na mtu. Lawama hiyo ina uzito wake, lakini inapuuza historia.

Enzi za mababu, kijana wa Kikamba hakulazimika kungoja urithi ndipo awe na chake. Nje ya ardhi iliyokuwa na wenyewe kulikuwa na weu, yaani nyika iliyo wazi kwa wote. Vijana walipeleka mifugo huko, wakajenga maboma yaliyoitwa syengo, na waliodumu wakalima na kupafanya pao. Makueni yenyewe ilikuwa pori la mbung'o kabla ya serikali ya kikoloni kuanzisha mradi wa makazi katika miaka ya 1940.

Mlango huo ulifungwa baada ya uhuru, ardhi ilipopimwa na kutolewa hatimiliki. Aliyezaliwa baadaye alibakiwa na njia mbili: kumegewa kipande cha shamba la baba, au kuhama. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 884,527 Makueni. Ile ya 2019 ikahesabu 987,653. Kitui nayo ilifikia 1,136,187. Watu wameongezeka, ardhi ni ile ile.

Hali ya binti ni ngumu zaidi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haimbagui mtoto wa kike, na Katiba ya 2010 ikatilia mkazo usawa huo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi yeye bado huhesabiwa kuwa wa kuolewa. Kwake yeye, chumba cha kukodi Mlolongo huenda ndicho mahali pa kwanza anapoweza kupaita pake.

Hapo ndipo mvutano unapoanzia. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo huiona fedha hiyo kuwa amana. Mwanawe naye huona kwamba mshahara wa kibarua hauwezi kulipa kodi ya nyumba, kusomesha wadogo zake na kubakisha akiba. Akituma kila senti, hubaki fukara. Asipotuma, huitwa mpotevu. Si kila anayezima simu ni mchoyo. Wengine huona haya.

Lakini kujitenga kabisa nako kuna hatari. Mnamo 2014 serikali ilisitisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati kufuatia malalamiko ya dhuluma, kisha ikaondoa marufuku hayo 2017. Aliyeondoka akiwa amekosana na jamaa zake hana wa kumpigania mwajiri anapomnyang'anya pasipoti.

Serikali ya kaunti, chini ya gavana wa kwanza Profesa Kivutha Kibwana (2013-2022), ilijenga kiwanda cha kusindika matunda Kalamba ili wakulima wasiuze maembe kwa madalali kwa bei ya kutupa. Hatua hiyo ni njema, ila humfaa kwanza mwenye miembe, na miembe ni ya mwenye shamba. Kijana asiyemiliki hata mti mmoja hana cha kuuza ila nguvu zake.

Kwa hivyo, anayetaka vijana wakumbuke nyumbani aanze kwa kuwapa nyumbani pa kukumbuka. Baba agawe ardhi angali hai, kwa maandishi, bila kumwacha binti nje. Kijana naye aseme waziwazi ni kiasi gani anachoweza kutuma, na akitimize. Kujitegemea si kuvunja undugu. Kinachouvunja ni madai yasiyo na kipimo na ahadi zisizotekelezwa.