Neno la Mhariri: Fundi wa Mtaa Awe Mkuu wa Idara

Filamu hutangazwa kwa jina la mwelekezi na nyuso za waigizaji, lakini hujengwa na idara. Kuna idara ya kamera, ya taa, ya sauti, ya mavazi, ya mandhari, ya uhariri, na ile ya uzalishaji inayoshika ratiba na pesa. Kila idara ina mkuu wake, wasaidizi wake, na vijana wanaobeba vifaa na kukunja nyaya. Mkuu ndiye anayeamua taa isimame wapi, nani aajiriwe, na kijana yupi ajaribiwe leo. Anayetaka kujua tasnia ya filamu ya mahali fulani ina nguvu kiasi gani aulize wakuu wa idara zake wametoka wapi, na wanamwandaa nani kuwarithi.

Swali hilo linaigusa sana Eastlands ya Nairobi. Mitaa hii, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole na Mathare, imeilisha sinema ya Kenya kwa miaka mingi. Imetoa mandhari, Sheng, visa, waigizaji, na umati wa watazamaji. Mamlaka ya kazi hayajaenda sambamba na mchango huo. Mara nyingi mtaa huhitajika kwa siku chache za kurekodi, wakazi wake wakalipwa kwa kupita nyuma ya mwigizaji mkuu au kulinda magari, kisha kila kitu kikahamishwa. Hoja ya toleo hili ni kwamba filamu za Eastlands zitasimama imara pale ambapo mafundi wazoefu waliokulia humo, au waliofanya kazi humo kwa muda mrefu, watakapopewa uongozi wa idara, na kufundisha wengine kukihesabiwa kuwa sehemu ya kazi wanayolipwa.

Ufundi huo haukuanza jana. Chuo cha Mawasiliano cha Kenya, KIMC, kilichoko South B jirani na Mukuru, kilianza mwaka 1961 na kikawa mahali pa kujifunzia utangazaji, na baadaye kamera, sauti na uhariri wa filamu. Mwaka 1986 Sao Gamba, aliyesomea sinema nchini Poland, alitoa Kolormask, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza iliyoelekezwa na Mkenya. Anne Mungai, zao la KIMC, akatoa Saikati mwaka 1992, na Wanjiru Kinyanjui akafuata na The Battle of the Sacred Tree mwaka 1995. Wakati huohuo kampuni za nje zilikuwa zikija Kenya kurekodi filamu kubwa. Out of Africa ilionyeshwa mwaka 1985, na miaka ishirini baadaye ikaja The Constant Gardener. Kazi za namna hiyo ziliajiri Wakenya wengi: maseremala, washonaji, madereva, wasaidizi wa taa, waratibu wa vibali. Humo walijifunza nidhamu ya ratiba inayogawa siku kwa dakika, na namna ya kusubiri jua bila kupoteza pesa. Hata hivyo wakuu wa idara walikuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Uzoefu ulibaki nchini mikononi mwa watu wasio na cheo, na mara nyingi bila cheti wala barua ya kuonyesha walichofanya.

Mabadiliko yalionekana pale mafunzo yalipoanza kupangwa kwa idara. Mradi wa One Fine Day, ulioanzishwa na Tom Tykwer na Marie Steinmann wa Ujerumani na kuendeshwa pamoja na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi, ulitumia utaratibu unaostahili kuangaliwa kwa makini. Baada ya Soul Boy, filamu ya Hawa Essuman iliyorekodiwa Kibera na kutolewa mwaka 2010, mradi ulifanya warsha ambamo washiriki waligawanywa kwa fani: wa kamera na wa kamera, wa sauti na wa sauti, waandishi na waandishi. Kisha kikosi kilichopatikana kikatengeneza filamu ndefu, mkufunzi akiwa karibu kushauri na kazi yenyewe ikibaki kwa Mkenya.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilizaliwa hivyo. Mwelekezi wake, David Tosh Gitonga, alikuwa ameshafanya kazi ya mwelekezi msaidizi katika filamu za wengine, ikiwemo The First Grader, kwa hiyo aliposhika usukani aliijua kazi kutoka chini. Joseph Wairimu, aliyeigiza kijana Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo, na filamu ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Safari ya Mugambi Nthiga inaonyesha vizuri zaidi namna ngazi inavyopandwa. Katika Nairobi Half Life alikuwa mwigizaji. Baadaye akashiriki kuandika Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto mwaka 2016, na Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyofika tamasha la Berlin mwaka 2018. Mwaka 2019 akaelekeza Lusala. Kati ya kuigiza na kuelekeza kulipita miaka saba ya kazi mfululizo, pamoja na watu walewale, ndani ya mfumo uliomruhusu kuhama kutoka fani moja hadi nyingine.

Kwa nini fundi wa mtaa anafaa kuwa kiongozi na asiishie kuwa msaidizi wa mgeni? Jibu limo katika kazi yenyewe. Mwanzo ni sauti. Kurekodi mazungumzo ndani ya nyumba ya mabati Mathare ni kazi ngumu kuliko kurekodi ndani ya studio. Bati hulia linapopata joto la adhuhuri, mvua ikigusa paa hakuna neno linalosikika, na ukuta hauzuii redio ya jirani. Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga na helikopta zake. Kwenye Barabara ya Jogoo kuna honi za matatu tangu alfajiri. Fundi wa sauti anayeujua mtaa hapigani na kelele hizo siku ya kurekodi. Huwa ameshaulizia saa ya adhana, siku ya kesha, na saa ambayo mwenye kusaga nafaka huzima mashine, na ratiba nzima hupangwa kwa kufuata taarifa zake. Uamuzi wa aina hiyo hauwezi kutoka kwa msaidizi ambaye haketi kwenye kikao cha kupanga ratiba.

Uhariri nao unataka mtu wa mtaa. Sheng hubadilika haraka, na usemi wa Dandora haufanani na wa Buruburu. Mhariri asiyeisikia vizuri hukata sentensi kabla ya neno lenye uzito, au huacha jibu ambalo kijana wa mtaa huo hawezi kulisema. Watazamaji wa Eastlands wana sikio kali kwa jambo hili. Wamekuzwa na vibanda vya video, pamoja na DJ Afro, aliyepata umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng hadi watu wakamfuata yeye zaidi ya filamu. Watazamaji hao wakisikia lugha ya kubuni huacha kuamini kisa chote.

Mandhari na mavazi yana elimu yake pia. Nyumba ya Jericho au Maringo, iliyojengwa kama nyumba ya wafanyakazi wa jiji na kurithiwa na kizazi cha pili na cha tatu, ina kabati, vitambaa vya viti na picha za ukutani ambazo hazipatikani katika ghorofa jipya la Kayole. Nguo zipo Gikomba, lakini anayejua ni robota lipi linafunguliwa siku gani, na fundi gani wa cherehani atarekebisha mashati ishirini kufikia kesho, ni mtu aliyezoea soko hilo. Reli ya kusukumia kamera inaweza kuchomelewa Kariobangi Light Industries kwa vipimo sahihi, iwapo mkuu wa idara anajua cha kuagiza na wa kumwagiza.

Usimamizi wa maeneo ya kurekodia ndio unaopima heshima ya filamu kwa wakazi. Kibali cha ofisi hakitoshi mtaani. Kuna chifu, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa vijana wenye base (kijiwe) yao, mama mboga ambaye kibanda chake kitafungwa siku hiyo, na wapangaji watakaozuiwa kupita kwenye ngazi zao. Msimamizi mwenyeji humlipa mama mboga mauzo ya siku yake, hutangaza mapema kitakachotokea, na hurudi baada ya kurekodi kuhakikisha taka zimeondolewa. Asipofanya hivyo, kikosi kijacho ndicho kitakacholipa deni lake.

Eastlands haikosi mbegu za uongozi huu. Slum TV ilianza Mathare katikati ya muongo wa 2000, wakazi wakirekodi habari fupi za mtaa wao na kuzionyesha hadharani mbele ya majirani. Kuanzia 2011 Slum Film Festival ilipeleka filamu za mitaa kwa watazamaji wa Kibera na Mathare. Video za muziki zimekuwa shule nyingine. Tangu siku za Kalamashaka wa Dandora hadi kundi la Ethic lililotoka Umoja mwaka 2018, kila wimbo uliovuma uliita mtu wa kamera na mhariri, na vijana wengi hushika kamera kwa mara ya kwanza katika kazi hizo. Tatizo ni kwamba video ya muziki humalizika kwa siku moja au mbili, na mara nyingi mtu mmoja hufanya yote. Huzaa wepesi wa mkono, lakini haifundishi kuongoza watu ishirini kwa wiki tano. Daraja kati ya wepesi huo na kazi ndefu lazima lijengwe na waliokwisha kuvuka.

Majirani wa Afrika Mashariki wana mafunzo ya kutoa. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, na filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ikajulikana duniani. Kompyuta za kuhariria aliziunganisha mwenyewe, na Dauda Bisaso akatengeneza silaha za maigizo na vifaa vingine kwa vyuma chakavu. Uongozi haukuhama mtaani, na watoto wa Wakaliga wanakua wakifunzwa uigizaji wa mapigano na watu wanaowajua. Zanzibar nayo ina Tamasha la Filamu la Kimataifa, ZIFF, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa miaka kadhaa liliongozwa na Martin Mhando, mwelekezi Mtanzania aliyetengeneza Maangamizi pamoja na Ron Mulvihill. Chini ya watu waliojua kazi ya filamu kwa vitendo, tamasha liliunganisha maonyesho ya Mji Mkongwe na warsha, na likapeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba. Kisiwa na mtaa vinafanana katika jambo moja: mahali padogo hupoteza watu wake wazuri kwa mji mkubwa, isipokuwa pakiwa na taasisi zinazowapa wazoefu sababu ya kubaki au kurudi.

Msaada unaohitajika Eastlands unaweza kutajwa bila kuzunguka. Kwanza, kila filamu inayorekodiwa mitaani iwe na naibu mkuu wa idara kutoka mtaani katika kamera, sauti, mandhari na uzalishaji, mwenye mkataba na malipo, na jina lake liandikwe mwishoni kwa cheo sahihi. Leseni za kurekodi, ambazo msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani iliyotungwa mwishoni mwa ukoloni, zinaweza kubeba sharti hilo kwa kampuni za nje. Pili, Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, itunze orodha ya mafundi na kazi walizofanya, ili mtu aliyejifunza kwa vitendo miaka kumi na mitano asikataliwe kwa kukosa cheti. Tatu, kumbi za kijamii za kaunti, kama ule wa Kaloleni, ziwe na vifaa vya pamoja na vipindi vya kudumu ambapo mafundi wakongwe hufundisha na hulipwa kwa kufundisha. Nne, fedha zipite mikononi mwa watu wanaoijua kazi. Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge baada ya yeye mwenyewe kuelekeza filamu kwa miaka, umeonyesha faida yake: Softie ya Sam Soko, mojawapo ya filamu ulizosaidia, ilipata tuzo ya uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020.

Wazoefu nao wana wajibu. Fundi anayeficha maarifa yake akihofia kunyang'anywa kazi anaidhoofisha tasnia inayomlisha, kwa sababu kampuni ikikosa kikosi kamili Nairobi itakitafuta Cape Town. Mkuu wa taa aliyeandaa wasaidizi watatu wanaoweza kuongoza anaiwezesha Nairobi kupokea filamu nne kwa wakati mmoja, na wote wanne wakapata kazi. Kufundisha kunahitaji ratiba: siku moja ya kurekodi ambapo msaidizi anaongoza na mkuu anatazama, na mazungumzo ya wazi jioni kuhusu kilichokwenda vibaya.

Mafanikio ya mpango huu yatahesabika. Yataonekana katika idadi ya wakuu wa idara waliotoka mitaa ya Eastlands, katika mikataba waliyotia sahihi, katika wasaidizi waliowapandisha, na katika filamu ambazo wakazi wa Dandora au Kaloleni wanalipa kuziona kwa kuwa zimetengenezwa sawasawa. Hadithi zipo na watazamaji wapo. Watayarishaji, serikali ya kaunti na Tume ya Filamu wanapaswa sasa kuwapa mafundi hao vyeo vinavyolingana na uzoefu wao.