Daktari Asiyefuata Foleni

Mama mwenzangu, umekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto mwenye homa mapajani. Mara analetwa mtu aliyefika nyuma yako, naye anaingizwa moja kwa moja. Wengi wetu hununa na kusema, "Huyo ana ndugu yake humo ndani." Mwezi huu tumfahamu daktari bingwa wa tiba ya dharura, tujue kwa nini hufanya hivyo na sisi tumsaidieje.

Bingwa huyu bado ni mgeni Tanzania. Idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha ubingwa huo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Njia yao ni ndefu: baada ya kidato cha sita, miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha miaka 3 ya ubingwa. Kama binti yako anapenda Baiolojia na Kemia na haogopi damu, mwambie naye anaweza.

Daktari wa kawaida huuliza kwanza, "Huyu anaumwa nini?" Huyu huuliza, "Ni kitu gani kinaweza kumwua sasa hivi?" Hutazama kwa mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kisha fahamu. Hatari anayoikuta huishughulikia papo hapo kabla ya kuendelea. Mtoto mwenye degedege hulazwa ubavu asipaliwe, hupewa dawa ya kutuliza degedege, na hutobolewa kidole kupima sukari. Ikiwa imeshuka, hupewa sukari kwenye mshipa mara moja. Kipimo cha malaria nacho hufanywa, lakini majibu hayangojwi ndipo aokolewe.

Ndiyo sababu wagonjwa hugawanywa mlangoni, mara nyingi kwa rangi. Nyekundu hahitaji kungoja hata dakika moja, njano hungoja kidogo, kijani hungoja zaidi. Lakini hali hubadilika. Mtoto aliyepewa kijani asubuhi anaweza kuwa mahututi kabla ya adhuhuri, na wa kwanza kuliona hilo ni wewe uliyempakata.

Basi zishike dalili hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki, kifua kinabonyea ndani anapopumua. Ukiona hata moja, usisubiri kuitwa jina. Inuka, mfuate muuguzi, umwambie, "Mwanangu amebadilika."

Nyumbani nako yapo ya kufanya. Beba kadi ya kliniki na dawa zote alizokwisha kunywa, na kama alipewa dawa ya kienyeji, sema. Daktari anauliza ili asimpe dawa itakayogongana nayo, wala si kukuaibisha. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mwahishe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Dada zangu, tumefundishwa kuwa mwanamke mwenye adabu hanyamazishwi, hunyamaza mwenyewe. Katika chumba cha dharura adabu ya namna hiyo tuiache nje. Sema mapema, sema kweli, na mwingine akitangulizwa mbele yako, mwombee apone.