Nina Miaka 30 na Nasoma Vitabu vya Watoto. Kuna Ubaya?

Leo naomba nitoe la moyoni, hata kama mtanicheka.

Juzi juzi nilitoka Arlington kwenda Houston kumsalimia dada. Ukishakaa barabarani saa nne na ushee, unachotaka ni ugali na usingizi. Nikamkuta mpwa wangu, miaka 12, kajikunja kwenye kochi na kitabu. Hata shikamoo aliitoa bila kuinua macho. Nikamuuliza anasoma nini. "Hutakipenda, Anko. Ni cha watoto." Alipolala nikakichukua. Nilikimaliza saa nane usiku.

Kitabu chenyewe ni "Holes" cha Louis Sachar, kilichotoka 1998 na kupata Medali ya Newbery 1999. Kisa kinatokea hapa hapa Texas. Kijana Stanley anahukumiwa kwa wizi wa viatu ambao hakuufanya, anapelekwa kambini, na kila siku lazima achimbe shimo la futi 5 kwenda chini na futi 5 kwa upana. Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, basi nikapiga hesabu: karibu mita za ujazo 2.8, udongo usiopungua tani 4, kwa sepetu, juani, mtoto mmoja. Nilishtuka. Na mwandishi hakuniambia nihuzunike. Alinipa vipimo tu.

Asubuhi nikampa mpwa hesabu zile. Tangu nifike Marekani maongezi yetu yalikuwa "Shule vipi?" "Poa." Siku ile tulibishana mpaka chai ikapoa: alaumiwe jaji, au ile laana ya ukoo? Dada alisimama mlangoni na mwiko mkononi, haamini.

Niliporudi, mshikaji ninayeishi naye akacheka sana. "Kaka, tasnifu imekwama, wewe unasoma vitabu vya darasa la sita?"

Jibu langu ni hili. Wengi wetu tulifundishwa kwamba riwaya ni mtihani. Waliosoma "Takadini" cha Ben Hanson sekondari kule Tanzania wanakumbuka: kabla hujajua yule mtoto mwenye ualbino atapona au la, umeshaambiwa ukariri dhamira. Mtihani ukiisha, kitabu kinatupwa juu ya kabati. Tukaja ughaibuni, tukaongeza shifti na kubeba boksi, kusoma kwa raha kukafa kabisa. Wenzetu wa Kenya na Uganda waliokua na vitabu vya Moses vya Barbara Kimenye wanaijua raha ninayoisema.

Mtasema lugha yake nyepesi. Sawa, lakini daraja zuri ni lile linalobeba mzigo mkubwa kwa vifaa vichache. Angalieni "When Stars Are Scattered" (2020) cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed: Omar anakulia kambi ya Dadaab akimlea mdogo wake Hassan, ambaye anaweza kutamka neno moja tu, la kumwita mama. Mpwa wangu alikielewa chote. Mimi kilinitoa machozi.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2021, shule za wilaya ya Katy, jirani na Houston, ziliondoa kwa muda "New Kid" cha Jerry Craft baada ya baadhi ya wazazi kulalamika. Kilipopitiwa, kikarudishwa. Kinahusu kijana mweusi anayeingia shule yenye weupe wengi. Yaani ni maisha ya wapwa zetu na wanetu! Wenzetu walikuwa na la kusema kuhusu kitabu hicho. Sisi je, tungesema nini wakati hatujui hata kilichomo kwenye begi la mtoto?

Kwa hiyo, ndugu zangu, chukueni kadi ya maktaba. Ukifikia nyumba yenye mtoto, muulize anasoma nini, kisha ukisome na wewe. Hata kama Kiswahili chake kimepotea, mtakuwa na cha kuongea.

Mimi nimempelekea mpwa "Ndoto ya Amerika" cha Ken Walibora. Kila Jumapili tunasoma kwa simu: kurasa mbili zake za Kiswahili namsahihisha, kurasa mbili zangu za Kiingereza ananisahihisha yeye. Mpaka sasa anaongoza.

Ni hayo tu kwa leo. Wa kucheka na acheke.